Sura ya Sita: Foleni ya Plau

Robo eka ile iko kando ya barabara ya kutoka Bunda kwenda Nyamuswa, na ukiitazama ukiwa juu ya pikipiki utasema imestawi. Ukishuka na kuingia ndani ndipo unaona kijani chake si kimoja. Mche huu umesimama vizuri, majani mapana, vijiua vya njano vinachungulia chini. Hatua mbili mbele mwenzake umejikunyata. Matawi yamefupika, majani yamekuwa madogo na kusongamana kama kabichi iliyoshindwa kufunga, na baadhi yamegeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mwenye shamba, mama mtu mzima aliyekuwa anapalilia na wajukuu wawili, akanyoosha mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kilimo?"

Sikutoka kilimo. Nilimwambia naandika kitabu cha wadudu wanaotuletea njaa. Akacheka, akang'oa mche mmoja uliojikunyata, akakung'uta udongo, akanipa. Kwenye mizizi palining'inia vikonyo vitatu vinne na ganda moja changa, ukilibonyeza linatoa maji.

"Haya, mtafute huyo mdudu wako," akasema. "Mimi simwoni."

Nikageuza jani moja baada ya jingine. Kweli hakuwepo. Mvua ya juzi yake ilikuwa kubwa, na mvua kubwa huwaangusha. Hata hivyo, kazi aliyoijia kwenye mche ule alikwisha kuimaliza wiki kadhaa nyuma, na kwa wadudu wote ninaowaeleza katika kitabu hiki, huyu ndiye anayenipa shida kubwa kumwonyesha mtu. Nzige unamwona angani. Dumuzi anakuachia unga chini ya kihenge. Huyu anapita, na unachokuja kukiona ni nyayo.

Wataalamu wa ugani wanauita ugonjwa huu rozeti. Wakulima wana neno zito zaidi: ukoma wa karanga. Anayeubeba ni kidukari mweusi, Aphis craccivora kwa jina la kisayansi, mwenye urefu wa milimita mbili hivi. Ukisema wadudu mafuta watu watakuelewa haraka zaidi, kwa sababu ya ule utelezi unaong'aa juu ya majani mahali walipokaa. Si mafuta, ni sukari. Kidukari hana meno. Ana mrija mwembamba kuliko unywele, anaupenyeza kwenye mshipa unaobeba chakula cha mmea, na utomvu unapanda wenyewe kwa msukumo uliomo ndani. Utomvu huo umejaa sukari lakini protini yake ni haba, kwa hiyo ili apate protini ya kumtosha lazima anywe kupita kiasi, kisha ile sukari ya ziada aitoe nyuma. Sisimizi wanaijua siri hiyo. Wanapanda na kushuka mashina kutwa nzima wakilamba, na malipo yao ni ulinzi: mdudu mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye chakula chake ni vidukari, akisogea wanamfukuza.

Nilimpata hatimaye kwenye mche mzima, ndani ya kichipukizi kilichokuwa hakijafunguka. Kwa macho ilikuwa kama mtu amemwaga pilipili manga. Nikatoa kioo cha kukuza. Wakubwa walikuwa weusi wanaong'aa kama viatu vya mwanafunzi siku ya Jumatatu, watoto wa kijivu kana kwamba wamepakwa majivu. Mmoja alikuwa anazaa. Hakutaga yai. Alimtoa mtoto mzima, sehemu yake ya nyuma ikitangulia na miguu ikitapatapa hewani, kisha mtoto akashika jani, akatulia, akachomeka mrija wake. Mjukuu mmoja akaomba kioo. Akakaa nacho muda mrefu.

Nilichomweleza ndicho ninachokieleza hapa. Katika nchi za joto kama yetu, karibu vidukari wote unaowaona ni majike, na hawahitaji dume. Mtoto anayezaliwa leo tayari amebeba mimba tumboni, kwa hiyo ndani ya bibi yumo mama, na ndani ya mama ameshaanza mjukuu. Baada ya wiki moja hivi mtoto huyo naye anazaa. Tuseme kila mmoja awaachie watoto 30 walio hai, na mvua isinyeshe, na wale wa mgongo mwekundu wasije. Kizazi cha tatu kina vidukari 27,000. Shina likijaa, au mmea ukianza kukauka, wanazaliwa mabinti wenye mabawa. Hao si warukaji hodari, upepo ndio unaowabeba. Lakini wanatosha kuuhamisha ukoo wote kutoka Nyamuswa hadi shamba ambalo mwenyewe hajawahi kusikia jina lako.

Lakini kwa kunywa peke yake asingeimaliza robo eka. Anachokibeba mdomoni ndicho kinachomaliza, na hapa mambo yanakuwa ya ajabu kidogo. Ukoma wa karanga hauletwi na kirusi kimoja bali na watatu walioungana. Wa kwanza, kirusi cha rozeti chenyewe, anajua kuzaana ndani ya mmea lakini hana gamba la kumkinga safarini. Wa pili, anayeitwa kirusi msaidizi, anatengeneza gamba, na lile la ziada anamwazima mwenzake. Wa tatu ni kipande kidogo cha RNA kisichoweza kuishi peke yake hata siku moja. Kinamtegemea wa kwanza ili kizaane na wa pili ili kisafiri. Na huyo wa tatu, yule mdogo asiye na chochote, ndiye anayeyageuza majani manjano na kuyakunja. Wale wawili bila yeye wanaweza kukaa ndani ya karanga na usione kitu. Kidukari akinywa kwenye mche wenye wote watatu, baada ya siku moja hivi yuko tayari kuambukiza, na anabaki hivyo maisha yake yote.

Kuna jambo linalofuata hapo ambalo sikulitegemea. Kidukari akionja juu juu tu, asifike kwenye mshipa, anaweza kuacha kirusi cha rozeti na kile kipande bila msaidizi. Mche huo utaugua, utajikunyata, hautazaa, lakini hakuna kidukari atakayeweza kuuchukua ugonjwa kutoka kwake. Umekuwa mwisho wa njia. Kwa hiyo katika shamba la yule mama kulikuwa na miche miwili ya manjano iliyofanana kama mapacha, mmoja hatari kwa kijiji kizima, mwingine hauna madhara kwa yeyote isipokuwa kwake. Kwa macho huwezi kuitofautisha.

Habari za ugonjwa huu zilianza kuandikwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1907 Mjerumani Albrecht Zimmermann, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliueleza katika jarida la Der Pflanzer, na hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kisayansi ya rozeti duniani. Zimmermann aliuona ugonjwa, hakumjua mbebaji. Ilichukua miaka 20 na ushee hadi H. H. Storey na A. M. Bottomley walipoonyesha, katika andiko la 1928 lililotokana na kazi yao Afrika Kusini, kwamba kidukari ndiye anayeupeleka. Storey naye alikuja kufanya kazi Amani.

Ajabu ni kwamba karanga si mmea wa Afrika. Ilitoka Amerika ya Kusini, ikaletwa na Wareno katika karne ya 16. Huko kwao haina ukoma huu, wala India na China, nchi zinazolima karanga kuliko zote, hazina. Rozeti iko Afrika kusini mwa Sahara na visiwa vya jirani tu. Maana yake mgeni alifika mzima, akaugulia kwetu, kwa kirusi kilichokuwa kikikaa kimya ndani ya mmea fulani wa mwituni ambao watafiti wameutafuta bila kuupata.

Msomaji atakuwa anasubiri nitaje Kongwa. Nitaitaja upesi, kwa kuwa hadithi ile imesimuliwa mno. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilitaka kugeuza zaidi ya eka milioni tatu za Tanganyika kuwa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea, na ilipofika Januari 1951 ikaufuta mradi baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Rozeti ilikuwepo, na A. C. Evans alichapisha uchunguzi wake juu yake mwaka 1954. Lakini si rozeti iliyoua mradi ule. Ulikufa kwa mvua chache, udongo unaokauka ukawa kama saruji, matrekta mabovu, na kiburi. Walioujua kweli ukali wa rozeti ni watu wa kaskazini mwa Nigeria mwaka 1975, ulipoteketeza karanga kwenye hekta zipatazo 700,000 kwa msimu mmoja.

Turudi Bunda. Nilimuuliza yule mama alipanda lini.

"Mwisho," akasema. "Mvua ilipoanza plau ilikwenda kwenye pamba. Ikatoka pamba, ikaja mahindi. Ng'ombe wenyewe ni wa shemeji, naye ana shamba lake. Ikanifikia mimi watu wanapalilia mara ya kwanza."

Jibu hilo nimelisikia, kwa maneno mengine, Bunda na Butiama na vijiji vya Musoma. Karanga ni zao la akina mama. Pesa yake ni ya chumvi, ya daftari, ya sare ya shule. Nyingine inaishia kwenye sufuria, kuunga mboga. Pamba na mahindi ni zao la nyumba, maana yake la mwenye nyumba. Kwa hiyo plau ina foleni yake, na karanga ziko mkiani. Na siku ambazo plau inafika mkiani ndizo siku ambazo vidukari, walioanza wachache mwanzo wa mvua, wamekwisha kuzaana vizazi kadhaa na kuota mabawa. Mche unaoambukizwa ukiwa na wiki mbili au tatu hauzai kabisa. Ukiambukizwa wakati maganda yamekwisha kushika, hasara ni ndogo. Karanga iliyopandwa mvua za kwanza inakutana na mdudu ikiwa kubwa. Iliyopandwa wiki nne baadaye inakutana naye ikiwa changa. Mdudu ni yule yule, mvua ni ile ile. Ndiyo maana naona kumlaumu kidukari peke yake ni kumwonea. Robo eka ile iliugua kwanza kwenye foleni.

Foleni hiyo ina tawi la pili. Aliyechelewa kulima huchelewa pia kupata mbegu, na aliyebanwa na mbegu hupanda mbali mbali ili zienee. Mama yule alikuwa ameacha hatua nzima kati ya mche na mche penye mapengo, akiamini miche itapumua. Kwa mahindi angekuwa sahihi. Kidukari mwenye mabawa, akiwa hewani, anavutiwa na jani la kijani lililozungukwa na udongo mtupu. Hapo ndipo anaposhuka. Shamba lililofunga, ambalo huoni udongo, analipita. Utafiti wa Afrika Magharibi, wa miaka ya 1950 na 1960, uliona hivyo mara nyingi: karanga zilizobanana zinaugua kidogo kuliko zilizoachana. Ushauri wa kwetu kwa karanga zinazosimama ni sentimeta 50 kati ya mstari na mstari na 10 kati ya shimo na shimo, mbegu moja moja. Piga hesabu: ni miche 80,000 kwa eka. Mwambie mtu mwenye bakuli mbili za mbegu kwamba anahitaji miche 80,000, uone atakavyokutazama.

Dawa ya kupuliza iko kijijini, kwa sababu pamba iko kijijini. Nimeona bomba la pamba likigeuzwa kwenda kwenye karanga, na sikupendezwa, si kwa sababu moja. Mtu anapuliza akishaona manjano, na akishaona manjano kirusi kimekwisha kuingia. Dawa ya mdudu haikitoi. Pili, inawaua kwanza wale wa mgongo mwekundu, na vidukari ndio wanaorudi mapema. Tatu, majani ya karanga yakivunwa analishwa mbuzi, na mbuzi anakamuliwa au anachinjwa.

Mbegu zenye kinga zipo. Mwaka 1952 nchini Senegal ugonjwa ulifagia mkusanyiko mkubwa wa aina za karanga uliokuwa shambani, zikabaki zimesimama zile tu zilizotoka mpakani mwa nchi ambazo leo ni Burkina Faso na Côte d'Ivoire. Karibu kinga zote zilizokuja baadaye zimetokana na hizo. Kazi ya kuzichanganya ni ya polepole, kwa kuwa kinga hiyo inategemea jeni mbili fichu, na mche lazima urithi zote mbili kutoka kwa baba na mama ndipo ionekane. Kwetu kazi hiyo iko Naliendele, Mtwara, kituo ambacho pia kinashughulikia korosho na ufuta. Kutoka Naliendele hadi Bunda ni kuvuka nchi nzima, kutoka pembe hadi pembe, na mbegu ya karanga ni nzito, inaoza upesi, na kilo moja inakupa kilo chache tu za mbegu msimu unaofuata. Mfanyabiashara wa mbegu haipendi. Mkulima akishainunua mara moja ataiweka yake mwenyewe, hatarudi dukani.

Na kuiweka yake si kosa. Niliulizwa sana, Butiama hasa, kama mbegu iliyovunwa kwenye shamba lenye ukoma inarithi ukoma. Hairithi. Virusi hivi havipiti kwenye mbegu. Itakuwa ndogo, itakuwa na makunyanzi, lakini mche wake utaota safi na utabaki safi mpaka kidukari aufikie. (Fukusi ni habari nyingine. Yeye anaingia stoo, na anazipenda zaidi njugu mawe, anazitoboa tundu la duara kama limepigwa na kekee. Nimemwekea sura yake. Na kwa wasomaji wa ng'ambo ya Sirari: huku kwetu ukisema njugu utapewa njugu mawe. Mnazoziita njugu sisi ni karanga, na pale Mwigobero, Musoma mjini, mchuuzi atakusahihisha kabla hajakupimia.)

Basi kama hautoki kwenye mbegu, na mwituni haujapatikana, ugonjwa unakaa wapi kiangazi chote? Unakaa kwenye karanga. Hapa Mara tuna mvua mbili, na vilima vya Butiama vinapata zaidi ya ukanda wa ziwa, kwa hiyo mtu mmoja anang'oa za vuli wakati mwingine, kilomita chache tu kutoka kwake, anazo zilizo kijani. Mabondeni na pembezoni mwa ziwa hupati mwezi ambao huoni mche wa karanga popote. Kidukari mwenyewe hana shida ya makazi: kunde, choroko, hata magugu yanamtosha. Anachohitaji ni daraja la karanga zenye ugonjwa, kutoka msimu hadi msimu, na daraja lenyewe tunamjengea sisi.

Nilirudi Nyamuswa Oktoba, wiki ya mvua za kwanza za vuli. Hakuna aliyekuwa amelima. Plau ya shemeji ilikuwa imeegemezwa ukutani, mnyororo umeshika kutu. Lakini kwenye ile robo eka, kati ya mabua makavu na majani ya mwaka jana, karanga zilikuwa zimekwisha kuota, hapa mbili, pale tano, mahali ambapo maganda yalibaki ardhini siku ya kuvuna. Maotea hayakai foleni. Nilichuchumaa kwenye shina la tatu au la nne, nikafungua kichipukizi, na pale palikuwa na kidukari mmoja mwenye mabawa, ametulia, na nyuma yake watoto wawili wa rangi ya majivu.

Nikamwita mama, nikamwonyesha, nikamwambia kama angeyang'oa haya yote leo, kabla plau haijatoka, na majirani nao wakafanya hivyo, mdudu angekosa pa kuanzia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionyesha wajukuu, waliokuwa wameshagawana: huyu mashina ya upande wa mwembe, yule ya upande wa njia, kila mmoja akiyawekea vijiti vyake asije mwingine akavuna.

"Haya ni ya watoto," akasema. "Nitawaambia nini?"